Seva Iliyokuwa Ikiganda Kila Ijumaa

Nyinyi mnaokuja kunitembelea hapa Bondeni na kompyuta zenu mapajani, swali lenu ni lile lile kila siku: Bi Rukia, kazi hii uliielewa vipi? Wanangu, sikuielewa. Nilichanganyikiwa miaka thelathini na kitu, nikastaafu, na mpaka leo kuna mambo nikiyafikiria naona kichwa chazunguka. Mtu akiwaambia kuwa yeye aijua kompyuta ndani nje, mpeni chai, msikilizeni kwa adabu, kisha mfanye yenu.

Aliyenifunza ni Fundi Hemedi, Mungu amrehemu. Alikuwa na kiduka cha kutengeneza taipureta huko Mji wa Kale, na kompyuta zilipoanza kuingia akazifungua kwa bisibisi ile ile. Watu walikuwa wakimwuliza, "Huyu msichana wamfunza ya nini?" Naye huwajibu, "Ana vidole vyembamba. Vyangu haviingii." Hilo ndilo jibu lake, hakuongeza neno. Sharti lake lilikuwa moja: ukibadilisha kitu kwenye mashine, badilisha kimoja, kiandike kwa penseli, kisha ngoja uone. Ukibadilisha viwili kwa mpigo, yeye hukufukuza ukanywe maji mpaka akili irudi. Mimi nilikunywa maji mengi sana kwa yule mzee.

Sasa sikizeni nilivyoharibika. Maalim mmoja wa chuo alituletea malalamiko kwamba kompyuta yake yamchukia. Mkewe akiitumia, haina neno. Yeye akiketi, robo saa haifiki ishazimika. Nikaenda kwake nikaifungua, nikabadilisha kifaa cha umeme, nikarudi tena nikabadilisha waya. Wapi. Siku ya tatu nikachuchumaa kando ya meza nikamtazama Maalim mwenyewe badala ya kutazama mashine. Kumbe Maalim akikolea kuandika huvua kiatu, hunyoosha mguu, na kidole chake cha gumba husukuma plagi taratibu mpaka ichomoke. Tulicheka mpaka mkewe akatoka jikoni kuja kuona kuna nini. Fundi Hemedi aliposikia akasema, "Umeona? Mtafute mtu kwanza." Tangu siku hiyo mimi nikawa mtu wa kumtafuta mtu kwanza. Somo hilo lilinifaa miaka mingi, kisha likaniponza, na hapo ndipo nataka kuwafikisha.

Mwisho wa kazi yangu nilikuwa kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Ilikuwa ghorofani, Mji wa Kale, ngazi za mbao, madirisha ya kutazama mitaa miwili. Watu kumi na wawili tukijihesabu sote. Mwenye ofisi alikuwa Bwana Athman, mtu mpole, asiyependa kelele wala habari ndefu. Hati zote za mizigo zilikuwa kwenye seva moja iliyokaa pembeni juu ya kabati, na makarani wote walifanya kazi kwa kuunganishwa nayo. Ikisimama seva, ofisi nzima imesimama, na kontena la mtu limekwama bandarini. Mwangalizi wa seva ile nilikuwa mimi peke yangu.

Kisha zikaja zile habari za dosari za prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Mwazijua nyinyi, mmezikuta vitabuni, lakini sisi zilitukuta kazini. Ati chuma chenyewe kina tundu la usalama. Si programu, chuma. Bwana Athman akaniita. "Bi Rukia, chuma kinaibiwaje?" Nikajaribu kumweleza na mwenyewe sijaelewa sawasawa. Nikamwambia, mtazame muuza kahawa pale barazani. Akikuona watokea msikitini ashakumiminia kikombe hata hujasema. Yeye hutangulia ili asikucheleweshe. Ukipita usinywe, atakimwaga, hasara si kubwa. Lakini mtu mbaya akikaa karibu na kugusagusa vikombe, kile kilicho moto chamwambia nani alikuwa akingojwa na hunywa nini. Prosesa nayo hutangulia hivyo, hufanya kazi ambayo haijaambiwa, na ikikosea huimwaga. Joto labaki. Wezi wanasoma lile joto.

Bwana Athman akafikiri kidogo. "Basi mwambie asimimine mpaka aagizwe."

"Ndiyo dawa yenyewe. Lakini kahawa itachelewa."

Na ikachelewa kweli. Viraka vya usalama vilikuja kupitia keneli, yaani ile programu iliyo chini ya programu zote, inayosema na vyuma kwa niaba ya zingine. Nilipoviweka, seva yetu kuukuu ikawa yajikokota. Karani abonyeza, aenda kunawa mikono, arudi, bado hati haijafunguka. Malalamiko yakawa mengi na Bwana Athman akaamua tununue seva mpya, yenye prosesa mpya. Nami nikaiwekea mfumo ule ule tuliouzoea, na keneli ile ile ya zamani pamoja na viraka vyake, kwa sababu nilikuwa nikiiamini. Hamtaki kujua mara ngapi nimejilaumu kwa neno hilo. Keneli ya zamani kwenye chuma kipya ni mtumishi ambaye hakuelezwa desturi za nyumba. Hufanya kazi, naam, lakini kuna milango haijui hufungwa vipi.

Wiki ile ya kwanza seva ilikwenda vizuri mno. Makarani wakanisifu, nami nikasifika. Ijumaa tukatoka kama ada. Kwetu Ijumaa ni hivi: saa sita na nusu wanaume wachukua kofia zao waende msikitini, na sisi wanawake tulio Waislamu twaenda nyumbani, kwa kuwa siku hiyo watu hula pamoja. Kazi yasimama mpaka saa nane. Anayebaki ofisini ni Kilonzo.

Kilonzo alikuwa tarishi wetu. Mkamba, Mkristo wa kanisa hasa, na amekaa Mombasa muda mrefu kuliko baadhi ya makarani waliozaliwa hapa. Ndiye aliyekuwa akipeleka hati bandarini na kuzirudisha, na ndiye aliyekuwa na ufunguo wa ofisi. Siku ya Ijumaa akikaa peke yake mlangoni, akila chakula alichofungiwa na mkewe, akisoma gazeti la juzi. Hakuwa na kompyuta. Hakutaka hata kufundishwa.

Ijumaa ile tuliporudi, seva imeganda. Haikuzimika, imeganda. Feni yazunguka, skrini yaonyesha kitu kile kile, ukibonyeza haisikii. Nikaizima kwa nguvu nikaiwasha, ikaamka vizuri kabisa. Nikafungua daftari lake, pale ambapo mashine huandika kila linalotokea. Hakuna kosa. Hakuna onyo. Maandishi yanakwenda, yanakwenda, yanafika saa saba na dakika kadhaa, basi. Ukurasa mtupu.

Sijui kama mmewahi kukutana na ukurasa wa namna hiyo. Mashine ikilalamika, hata kwa maneno mia usiyoyajua, una pa kuanzia. Hii haikulalamika. Nikasema ni bahati mbaya ya siku moja.

Ijumaa ya pili, vile vile. Saa saba na kitu, imeganda. Nikahisi ni umeme, nikaiwekea betri nyingine. Ijumaa ya tatu, imeganda na betri yake. Nikahisi ni vibao vya kumbukumbu, nikavitoa nikavibadilisha nafasi. Na kwa kuwa moyo ulikuwa juu, siku hiyo hiyo nikaviondoa na vile viraka vya usalama, nikisema labda ndivyo vinavyoibana prosesa. Mambo mawili kwa mpigo, na seva ya hati za watu nikaiacha wazi bila kinga. Fundi Hemedi angekuwa hai angenitoa nje ya ofisi yangu mwenyewe. Ijumaa ya nne, ikaganda.

Mtaniuliza, mbona siku nyingine haigandi? Ndilo swali lililonikosesha raha. Jumatatu hadi Alhamisi seva yafanya kazi kutwa, yapigwa na makarani tisa, wala haiyumbi. Jioni twaizima, asubuhi naiwasha. Jumamosi nusu siku, salama. Ni Ijumaa tu, saa saba. Mashine yajuaje Ijumaa? Karani mmoja akasema labda nayo yaenda kuswali. Wengine hawakucheka, na mmoja alileta ubani akaufukiza pembeni ya kabati. Nilimwacha, maana mimi mwenyewe sikuwa na dawa bora.

Jumatatu iliyofuata Kilonzo akanijia. Alisimama mbali kidogo na meza yangu, kama kawaida yake.

"Bi Rukia, kile kitu mimi nimekitazama."

"Kitu gani?"

"Hiyo mashine. Mkishatoka nyote, feni yake inashuka sauti. Inakaa hivyo, inakaa, halafu ile taa ndogo ya kijani inaacha kupepesa. Hapo ndipo inakufa. Inakufa ikinyamaza."

Nilikuwa nimeinamia kitabu, sikuinua hata kichwa. Nikamwambia, "Kilonzo, mashine ikifa ndiyo hunyamaza. Wewe umegeuza." Akachukua bahasha zake, akashuka ngazi kwenda bandarini. Wanangu, mtu alikuwa ameniletea jibu mkononi, nami nikamwona tarishi.

Ijumaa ya tano ikaganda, na safari hii hati za mteja mmoja mkubwa zikaharibika nusu. Bwana Athman akataka karatasi. "Niandikie kila kitu ulichokiona. Usiniandikie lugha ya mashine." Nikaketi nikapiga jedwali, safi, kwa mistari. Siku. Saa. Umeme ulikuwepo au la. Nani alikuwa ofisini. Ijumaa, saa saba, umeme upo, Kilonzo. Ijumaa, saa saba, umeme upo, Kilonzo. Mara tano. Siku zote ambazo hakuwa peke yake, salama.

Sikuandika kwamba ni yeye. Nataka mnisikie vizuri hapa, kwa sababu kwa miaka nilijificha nyuma ya neno hilo. Kila nilichokiandika kilikuwa kweli. Lakini nilipokuwa nikichora mistari ile nilikuwa nikijua macho ya Bwana Athman yatasimama wapi, na nilikuwa nimechoka kulaumiwa mimi.

Maneno yakaanza. Kwamba Kilonzo amenunuliwa na ofisi nyingine. Kwamba mtu mzima hawi tarishi muda wote huo bila kinyongo. Na wasemaji ni watu wale wale aliokuwa akiwachukulia dawa zao dukani na kuwalipia bili zao za maji. Bwana Athman akamwita mbele ya wote, hakupiga kelele, akamwuliza mara moja, "Kilonzo, waigusa seva?"

"Siigusi, mwajiri. Hata vumbi huwa siipanguzi."

"Basi nani?"

Kilonzo akanitazama mimi. Labda alitaraji nitasema lile alilonieleza. Nami nikatazama kabati. Bwana Athman akamwambia aweke ufunguo mezani aende nyumbani mpaka jambo lifahamike. Akauweka. Ule ufunguo ulikuwa na uzi mwekundu alioufunga mwenyewe, akaufungua ule uzi kwanza, akautia mfukoni, ndipo akaweka ufunguo.

Ijumaa iliyofuata nikasema nitabaki mimi. Nikapiga simu nyumbani kwamba wale chakula, wasiningoje. Nikafikiri, kama ni mashine nayo ni mbovu, itaanguka ikibebeshwa mzigo. Nikaiwashia programu ya kuichosha, inayoipa prosesa hesabu nzito mfululizo, moja ikiisha nyingine. Feni ikalia kwa nguvu. Saa saba ikapita. Saa saba na nusu. Saa nane watu wakarudi, seva iko wima. Ijumaa ya baada yake nikafanya hivyo hivyo, nikapata jibu lilo hilo.

Mwaona mambo yalivyojipanga? Kilonzo yuko, yaganda. Kilonzo hayuko, haigandi. Nani angebisha? Bwana Athman akaanza kutafuta tarishi mwingine. Na mimi, nitawaambia ukweli, nilishusha pumzi. Nikala chakula kikashuka.

Ijumaa ya tatu tangu Kilonzo aondoke nilibaki tena, lakini sikuiwashia chochote. Niliona hakuna haja, mkosaji ashapatikana. Nilibaki kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kukaa mlangoni. Nikafunua sahani yangu, nikawa nala taratibu na kutazama nje. Ofisi kimya. Baada ya muda nikasikia feni yashusha sauti. Nikaendelea kula. Kitu kikaniambia, geuka. Nikageuka, nikaitazama ile taa ya kijani. Ilikuwa ikipepesa mara moja moja, mbali mbali. Kisha ikaacha.

Nilikaa na tonge mkononi sijui nilitie kinywani au nilirudishe. Nikanawa, nikaenda nikabonyeza. Imeganda. Saa saba na dakika ishirini, Ijumaa, umeme upo, na ofisini yuko Rukia peke yake. Kwa jedwali langu mwenyewe, mkosaji ni mimi.

Hapo ndipo nilipoelewa, au nilielewa nusu. Prosesa hizi mpya zikikosa kazi hulala, na zina ngazi za usingizi, za juu na za chini kabisa. Keneli yangu ya zamani ilikuwa yaiacha ishuke mpaka ngazi ya mwisho, na haijui kuiamsha. Siku za kazi haipati nafasi ya kushuka, maana makarani huswali na kula kwa zamu na kila saa kuna mtu anayeigusa. Jioni twaizima. Wakati pekee ambao ofisi nzima huiacha kwa pamoja, ikiwa imewashwa, ni swala ya Ijumaa. Na mimi nilipokwenda kuichunguza niliichosha, nikainyima usingizi, kisha nikaisifu kwa kukesha.

Nilisaka kwenye mtandao alasiri ile ile nikamkuta mtu, sijui wa nchi gani, analalamika kwamba mashine yake yafa siku za mapumziko tu. Wenzake walimdhihaki kwanza, kisha mmoja akampa mstari mmoja wa kuiamuru keneli isiiruhusu prosesa kushuka chini sana. Mstari mmoja. Nikauandika, nikarudisha viraka vyote vya usalama nilivyoviondoa, kimoja kimoja, kwa penseli. Jumamosi baada ya kazi nikaiacha seva imewashwa, ofisi tupu, nikakaa nayo mpaka alasiri bila kuigusa. Taa haikuacha kupepesa. Baadaye ilikuja keneli mpya iliyokuwa ikizijua prosesa zile, nao mstari wangu ukawa hauna kazi. Kwa nini hasa ilikuwa haiamki, msiniulize. Nimesoma maelezo matatu na kila moja lasema lake.

Nilimweleza Bwana Athman. Akaona haya, nilimwona. Akasema, "Alhamdulillahi. Mwambie Kilonzo arudi Jumatatu, yamekwisha."

Nikaenda Majengo mwenyewe. Alikuwa akikaa chumba kimoja na mkewe kwenye nyumba ya udongo iliyotiwa plasta mbele. Mkewe akanikaribisha, akanipa kigoda, akanitilia chai, wala hakunitazama usoni. Kilonzo alikuwa amevaa shati lake la kazi, lile la samawati, lilopigwa pasi. Siku ya Jumapili jioni, hana kazi, amevaa shati la kazi. Nikamweleza yote, mpaka ngazi za usingizi. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Ile karatasi," akasema, "uliiandika mwenyewe?"

"Niliiandika mwenyewe."

"Na mimi nilikuwa nimekuambia ile taa."

"Uliniambia."

"Basi."

Nikamwambia Bwana Athman amesema arudi kesho, yamekwisha. Akauliza, "Yamekwisha kwa nani? Bi Rukia, mimi niliambiwa niweke ufunguo mezani watu wote wakiona. Kanisani wameshasikia. Mwenye nyumba ameshasikia. Sasa nirudi kimya kimya, watu waseme nimesamehewa? Nimesamehewa nini?" Hakupandisha sauti. Mkewe alikuwa ameacha kukosha vyombo. Nikaona machozi yanijia, nikamwomba aje tu, nikainuka, chai sikuimaliza.

Asubuhi nilimwambia Bwana Athman kwamba lazima lisemwe mbele ya wote. Akasema, "Mambo ya mashine utawaeleza nini, Bi Rukia? Hawataelewa." Nikamwambia hawana haja ya kuelewa mashine. Kilonzo alipopanda ngazi nikawaomba wote waache kazi kidogo, nikasema: karatasi ile niliiandika mimi. Kilichoharibika ni seva, na aliyekosea ni mimi. Kilonzo aliniambia kinachotokea kabla hajatolewa, nikampuuza kwa sababu ni tarishi. Bwana Athman naye akasimama, akauchukua ufunguo, akampa kwa mikono miwili. "Tuwie radhi, Kilonzo. Tumekukosea." Watu wakaja mmoja mmoja kumpa mkono. Yule wa ubani alilia.

Kilonzo akasema, "Nimesikia. Asanteni." Akachukua bahasha zake akaenda bandarini.

Nikadhani nimetengeneza. Ilipofika Ijumaa, saa sita na nusu, wanaume wakachukua kofia zao, nami nikachukua mkoba wangu. Kilonzo akamngoja mtu wa mwisho atoke, akafunga ofisi, akampa Bwana Athman ufunguo, akashuka nasi ngazi. Akavuka njia, akasimama upande wa pili, mbele ya ukuta mweupe usio na kivuli, mahali ambapo kila atokaye msikitini lazima amwone. Akasimama hapo mpaka saa nane. Jua la saa saba la Mombasa mwalijua.

Bwana Athman alimsihi. "Kilonzo, twakuamini. Kaa ndani."

"Najua, mwajiri. Nataka tu nionekane nilipo."

Kila Ijumaa ikawa hivyo, ya mvua na ya jua, mpaka nilipostaafu nikamwacha pale. Seva haikuganda tena hata mara moja. Ijumaa moja sikwenda nyumbani, nikabeba kiti kutoka ofisini, nikavuka njia nikampelekea. Alinishukuru, akakiegemeza ukutani, akaendelea kusimama.